Hatua ya kungoja katika sataranji

KATIKA sataranji, kama ilivyo katika drafti, hakuna ruhusa ya kupitisha zamu. Kila mchezaji ni lazima asogeze kete hata kama angetamani kubaki alipo. Sheria hii ndiyo iliyozaa hatua ya kungoja, yaani hatua isiyotishia chochote wala kubadilisha mpangilio, bali inayomrudishia mpinzani zamu ili ajivurugie mwenyewe.

Wajerumani humwita mpinzani aliyefikishwa hapo kuwa yumo katika Zugzwang, neno ambalo limeingia katika lugha nyingi. Maana yake ni kulazimika kucheza.

Tuchukue mfano wa mwisho wa mchezo. Mfalme mweupe yuko e5 na askari wake yuko e3. Mfalme mweusi yuko peke yake e7. Wafalme wanatazamana na kati yao umo mraba mmoja tu. Zamu ni ya mweupe. Akimrudisha mfalme nyuma, ushindi unaponyoka. Lakini akimpeleka askari e4, mweusi hana budi kujitenga kando, na mfalme mweupe atapenya upande wa pili na kumsindikiza askari hadi awe malkia. Lau askari huyo angekuwa tayari e4 wakati zamu ni ya mweupe, mchezo ungekwisha sare. Hatua moja ya askari, iliyotumiwa mapema kwa pupa, hugharimu nusu pointi nzima. Askari harudi nyuma, hivyo hatua zake za akiba hazina budi kuhesabiwa kwa ubahili.

Ngome nayo hungoja vizuri. Mfalme mweupe akiwa f6, ngome yake g1 na mfalme mweusi h7, mweupe husogeza ngome hadi g2 tu. Mweusi akienda h6, ngome huingia h2 na mchezo umekwisha. Akikimbilia h8, mfalme mweupe huja f7, mweusi hurudi h7 kwa lazima, na ngome ya h2 humaliza kazi.

Farasi pekee hawezi kazi hii. Kila arukapo hubadilisha rangi ya mraba, kwa hiyo hawezi kurejea alikotoka kwa idadi ya hatua isiyogawika kwa mbili. Mfalme huweza: huzunguka pembe tatu, akatumia hatua mbili kufika pale ambapo angefika kwa moja.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa mwaka 1923 mjini Copenhagen, Denmark, ambapo Aron Nimzowitsch, akicheza kete nyeusi, alimkabili Friedrich Sämisch. Katika hatua ya 25 Nimzowitsch alisogeza askari kutoka h7 hadi h6, basi. Sämisch, aliyekuwa bado na malkia na ngome zake zote mbili, alikubali kushindwa. Wapo wanaopinga kwamba hiyo ilikuwa Zugzwang halisi, kwani ngome nyeusi tayari zilikuwa zikitishia kumnasa malkia. Hoja yao ina uzito, ingawa haiondoi uzuri wa hatua yenyewe.

Katikati ya mchezo, ambako kete ni nyingi, bingwa wa subira alikuwa Tigran Petrosian wa Muungano wa Kisovieti, aliyeshikilia taji la dunia kuanzia 1963 hadi 1969. Alikuwa radhi kumpeleka mfalme wake huku na huko, akimwachia mpinzani kazi ngumu ya kutafuta mpango pasipo na mpango.