Makaburi Mawili Kando ya Thames

Ukitaka kuijua historia ya kijiji, mie husema, anzia makaburini. Sutton Courtenay ni kijiji kidogo cha Uingereza, kando ya mto Thames, kusini mwa Abingdon. Zamani mashua zilipita papo hapo, kwenye mkondo wa kinu. Mwaka 1809 ukachimbwa mfereji wa Culham, mashua zikahamia huko, kijiji kikaachiwa mabwawa na utulivu wake.

Kwenye ua wa kanisa la All Saints amelala Herbert Asquith, waziri mkuu kuanzia 1908 hadi 1916. Alikuwa na nyumba hapo mtoni, akafia humo 1928. Jiwe lake linataja cheo hicho. Laikipia haitajwi. Lakini ni wakati wa serikali yake ndipo mkataba wa 1911 ulipowang'oa Wamaasai Laikipia na kuwasukuma kusini. Parsaloi Ole Gilisho akaongoza upinzani, kesi ikafika kortini 1913. Wakaambiwa ati mkataba ule ni wa mataifa mawili, korti haina mamlaka nao. Yaani kuhamishwa, Mmaasai alihamishwa kama mtu wa chini ya serikali. Kushtaki, akageuzwa mgeni. Hadi leo ardhi ya Laikipia ina ugomvi.

Ua huohuo una jiwe la Eric Arthur Blair: jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa. Basi. Neno Orwell halipo. Alikufa London kwa kifua kikuu Januari 1950, na rafiki yake David Astor, mhariri wa Observer aliyekuwa na makao kijijini, akamtafutia nafasi. Blair alikuwa polisi wa mkoloni kule Burma kwa miaka mitano, akaacha kazi, akaigeuzia kalamu dola hiyohiyo.

Kitabu chake kilitoka Nairobi 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Uhuru ulikuwa na miaka minne tu. Mimi nilikisoma kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza, na wale nguruwe nikawapa majina ya wakubwa wetu.

Kwa hiyo msiniambie kijiji hicho hakituhusu. Mmoja wao serikali yake ilituhamisha. Mwingine, asiye hata na jina lake la uandishi juu ya kaburi, ndiye tunayemkumbuka kila wakubwa wanapojiongezea mishahara.