Jengo Kubwa na Haki ya Mfanyakazi

Somo la Historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: pensheni, hisa, mdai, msimamizi. Kila neno litaelezwa likifika mahali pake.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya majengo, na ya watu waliofanya kazi ndani yake. Swali letu ni hili: shirika au kampuni ikijenga majumba makubwa ya fahari, je, hiyo ni dalili kwamba mfanyakazi wake yu salama? Wengi wetu tutajibu upesi, "Ndiyo, maana asiye na fedha hawezi kujenga." Haya, tusikilize kwanza, kisha tujibu.

Sehemu ya kwanza: Nyumba ya nchi tatu

Mimi nakaa Sekei, chini ya Mlima Meru. Mtu akishuka kutoka Sekei kwenda mjini Arusha, huyaona majengo matatu marefu yaliyoshikamana. Kila moja lina jina lake: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Leo mahali hapo ni Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, na watu hupaita AICC. Vijana wengi hudhani kwamba majengo hayo yalijengwa kwa ajili ya mikutano. Sivyo. Yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza.

Tarehe 6 Juni, 1967, marais watatu walitia sahihi mkataba mjini Kampala. Walikuwa Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania, Mzee Jomo Kenyatta wa Kenya, na Dakta Milton Obote wa Uganda. Jumuiya ikaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo huo. Mali yake ilikuwa kubwa: reli, bandari, posta na simu, na ndege. Makao makuu ya reli na ya ndege yalikaa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala. Makao makuu ya Jumuiya yenyewe yakaletwa Arusha.

Basi makarani, wahasibu, wapiga chapa na madereva wakahamia Arusha kutoka nchi zote tatu. Katika miaka ya 1970 yakainuka majengo yale matatu, pamoja na ukumbi mkubwa. Tuseme wewe ni karani kijana, umetoka Kisumu au Masaka au Tabora. Kila mwezi hukatwa sehemu ya mshahara wako, iwekwe kwa ajili ya uzee wako. Fedha hiyo ya uzeeni ndiyo pensheni. Kila asubuhi waona jengo la kazi yako linazidi kwenda juu. Je, ungeogopa? La, ungelala usingizi mzuri.

Lakini jengo lilipokuwa likipanda, msingi wa Jumuiya ulikuwa ukibomoka. Sikilizeni sababu yake. Mambo makubwa ya Jumuiya yaliamuliwa na watu watatu tu, yaani wale marais. Ilikuwa kama boma la ndugu watatu: wakisikizana, kazi huenda, mmoja akinuna, kazi husimama. Tarehe 25 Januari, 1971, Idi Amin alimpindua Dakta Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin. Toka hapo marais watatu hawakukutana tena kama wakuu wa Jumuiya. Tena kila nchi ilinung'unika kwamba mwenzake apata faida zaidi. Mashirika yakaanza kuzuia fedha zilizopasa kupelekwa makao makuu.

Mwanzoni mwa 1977 ndege za Jumuiya zilisimama, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Tarehe 4 Februari, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ule ulifungwa mpaka Novemba 1983. Kufika tarehe 30 Juni, 1977, nchi tatu hazikupitisha bajeti ya Jumuiya. Shirika lisilo na bajeti ni maiti. Jumuiya ikafa.

Wazee walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa nyasi ni nani? Ni yule karani wetu. Hakuulizwa neno, wala hakuwa na mahali pa kusema neno. Na jengo je? Jengo halikuumia hata kidogo. Mwaka 1978 lilipewa kazi mpya ya mikutano. Humo ndimo zilimofanyika kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa, iliyofungwa mwisho wa 2015. Jengo lilipata mpangaji baada ya mpangaji. Mfanyakazi alipata nini?

Kugawana mali ya marehemu kulichukua miaka. Mpatanishi alikuwa Mswisi, Dakta Victor Umbricht. Mapatano yalitiwa sahihi hapa Arusha tarehe 14 Mei, 1984. Kenya ilihesabiwa mia kwa 42 ya mali, Tanzania 32, na Uganda 26. Ilikubaliwa pia kwamba kila nchi itawalipa pensheni raia wake waliofanya kazi katika Jumuiya.

Hapo Watanzania wale walianza kungoja. Waliandika barua, walituma wajumbe, mwishowe wakaenda mahakamani. Mwaka 2005 Serikali na wadai, zaidi ya watu 31,000, walipatana nje ya hukumu. Hata baada ya hapo walikuwapo wazee walioendelea kulalamika kwamba malipo hayakutimia, wakafunga safari kwenda Dar es Salaam na fimbo zao mikononi.

Sasa chukueni kalamu, tupige hesabu. 2005 toa 1977. Mmepata ngapi? Naam, miaka 28. Aliyekuwa na umri wa miaka 32 siku Jumuiya ilipokufa, alikuwa na miaka 60 siku ya mapatano. Aliyekuwa na miaka 50 alikuwa na 78, kama alikuwa hai. Wengi hawakuwa hai, na karatasi zilibaki kwa wajane na watoto wao.

Sehemu ya pili: Duka la jamaa

Huenda msikilizaji mmoja anasema, "Mwalimu, hiyo ilikuwa mali ya serikali tatu. Mali ya wengi haina mwenyewe. Mali ya jamaa moja haiharibiki hivyo, kwa sababu mwenyewe yupo na macho yake." Ni neno la akili, na twapaswa kulipima. Na tulipime kwa duka ambalo watu wa Arusha walilijua.

Katika mji wa Nakuru, nchini Kenya, jamaa ya akina Shah walikuwa na biashara ya magodoro. Waliiita Nakuru Mattresses, na kutoka jina hilo likapatikana jina fupi: Nakumatt. Biashara ikakua, ikawa maduka makubwa, yale ambayo mnunuzi huchukua kikapu na kujichagulia mwenyewe. Mkuu wake alikuwa Bwana Atul Shah, na sehemu kubwa ya hisa ilikuwa mikononi mwa jamaa yake. Hisa ni kipande cha umilikaji. Mwenye hisa nyingi ndiye mwenye neno la mwisho.

Nakumatt ilifungua duka baada ya duka. Ilivuka mipaka ikaenda Rwanda, Uganda na Tanzania. Mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania, pamoja na lile la Arusha. Maduka yake yakapita 60 katika nchi nne. Mtu akiliona duka jipya, taa zinawaka na sakafu inang'aa, angesema hawa ni matajiri kweli kweli.

Lakini kila duka jipya lilihitaji kodi ya pango, rafu, majokofu, mitambo ya umeme na watu wa kazi. Fedha nyingi ilikuwa ya mkopo, na bidhaa nyingi zilichukuliwa kwanza na kulipiwa baadaye. Ni kama mkulima anayekopa mbegu ili apanue shamba kila mwaka, na mavuno ya kila mwaka hayatoshi kulipa deni la mwaka uliopita. Kufika 2017 rafu zilianza kuwa tupu, kwa sababu wenye bidhaa walikataa kuleta zaidi kabla ya kulipwa. Mishahara ikachelewa. Maduka yakafungwa moja moja, na ya Tanzania pia. Januari 2018 mahakama nchini Kenya iliiweka kampuni chini ya msimamizi, yaani mtu anayeendesha mali ya mwenye madeni badala yake. Madeni yalihesabiwa kwa mabilioni ya shilingi za Kenya. Januari 2020 wadai, yaani wale waliokuwa wakidai fedha zao, walipiga kura kampuni ifungwe. Maelfu ya wafanyakazi walikuwa wamekwisha kupoteza kazi.

Kampuni nyingine ya Kenya, Tuskys, ilianzishwa na Mzee Joram Kamau. Alifariki mwaka 2002, akawaachia watoto wake. Ndugu wakagombana juu ya mali mpaka mahakamani, na kuanzia 2020 maduka yale nayo yakafungwa.

Je, tuseme biashara ya jamaa ni mbaya? Hapana, tusihukumu upesi. Naivas, iliyonunua maduka sita ya mwisho ya Nakumatt, nayo ilianzishwa na jamaa moja. Lakini mwaka 2020 jamaa hiyo ilikubali kuuza sehemu ya hisa zake kwa watu wa nje, nao wakaingia kuketi mezani na kuangalia hesabu. Hatari basi haimo katika undugu. Hatari imo katika meza ambayo wote wanaoizunguka ni wa nyumba moja, wala hapana hata mmoja awezaye kusema, "Hili duka tusilijenge mwaka huu. Tulipe mishahara kwanza."

Sasa linganisheni. Meza moja ilikuwa ya marais watatu, meza ya pili ilikuwa ya ndugu. Moja ilikuwa ya umma, nyingine ya mtu binafsi. Katika zote mbili mfanyakazi alikuwa nje ya mlango.

Sehemu ya tatu: Mfanyakazi aliyetaka kuuliza

Nchi yetu iliwahi kujaribu kuufungua mlango huo. Mwaka 1970 Rais Nyerere aliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Pamoja na mambo mengine, Mwongozo ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu na dharau kwa watu. Wafanyakazi waliusoma, wakauchukua kuwa neno la kweli. Kati ya 1971 na 1973 waligoma katika viwanda vingi, na mara nyingi lalamiko halikuwa mshahara, bali wakubwa wenye jeuri na wanaotapanya mali. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimweka kando mwenye kiwanda wakakiendesha wenyewe.

Lakini Serikali haikupenda jambo hilo lienee. Wengine waliojaribu kufuata njia ile walifukuzwa kazi. Mlango uliofunguliwa ukarudishwa nusu. Hata hivyo jambo moja lilibaki vichwani mwa watu: kwamba mfanyakazi anayeuliza habari ya matumizi si mkorofi. Anauliza habari ya jasho lake.

Sasa tufanye nini sisi? Wazee wa pwani walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi mmejifunza kusoma. Basi kisomo hicho kifanye kazi. Kwanza, soma mkataba wako wa kazi kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Pili, ukikatwa fedha ya mfuko wa uzeeni, usiridhike na kuiona imeandikwa katika karatasi ya mshahara. Nenda ofisi ya mfuko uulize kama imefika. Kukatwa ni jambo moja, kupelekwa ni jambo lingine. Tatu, jiunge na wenzako katika chama cha wafanyakazi. Mmoja akiuliza, ataitwa mkaidi. Wakiuliza mia, wataitwa mkutanoni.

Na siku mkubwa wa kazi atakapowaonyesha picha ya jengo jipya, lisifuni kama ni zuri. Kisha ulizeni kwa adabu: fedha imetoka wapi, na ile yetu ya uzeeni imewekwa wapi?

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Majengo ya AICC yalijengwa kwa kazi gani hapo kwanza?
2. Kwa nini kuanzia 1971 Jumuiya haikuweza kuamua mambo yake makubwa?
3. Nakumatt ilikuwa na maduka mengi. Kwa nini wingi wa maduka haukuiokoa?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, lipo jengo la ushirika, la kanisa, la msikiti, la shule au la kampuni. Nani aliamua lijengwe? Nani aliulizwa?
5. Andika sentensi tatu ukieleza tofauti ya kukatwa fedha ya pensheni na fedha hiyo kufika mfukoni.

Kwa leo tuishie hapo. Wale ambao wazee wao walifanya kazi katika Jumuiya, reli au posta, waulizeni nyumbani, mje na habari darasani. Kwaherini.