Pangani, Kabla ya Kuvuka

Wageni wengi wanaokwenda Pangani hawaioni Pangani. Gari likisimama wanakimbilia kivuko, na kabla hawajafika Bweni, ng'ambo, akili zao ziko Ushongo kwenye mchanga na minazi. Safari hii nilikiacha kivuko kiende zake, nikashika njia ya kando ya mto.

Maji haya hushuka kutoka Kilimanjaro na Meru. Misafara ya karne ya 19 iliufuata mto kuingia bara, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Utajiri huo ndio uliosimamisha majumba haya ya mawe, ambayo leo plasta imebanduka hadi matumbawe yanaonekana. Kwenye nyumba moja mzizi mnene kama paja umeingilia dirishani ukatokea mlangoni. Kivulini mwake mama mmoja anauza vitumbua.

Agosti 1888 alifika hapa Emil von Zelewski, aliyepewa jina la Nyundo, kuipandishia bendera kampuni ya Kijerumani. Akaingia msikitini na mbwa wake. Sultani wa Zanzibar alikuwa ameshawakodisha Wajerumani pwani hii, lakini watu wa Pangani hawakuulizwa. Wakainuka, na mbele yao akasimama Abushiri bin Salim, mwenye mashamba ya miwa. Vita vilienea pwani nzima. Wajerumani walimnyonga papa hapa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo naye hakukaa sana: Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walimmaliza Lugalo.

Jioni nikavuka. Ng'ambo hii, Kikogwe, ndiko mkonge ulikopandwa kwanza nchini mwaka 1893, miche 62 tu iliyosalimika safarini. Ushongo ni pazuri kama wanavyosema, sibishi.

Asubuhi, maji yakiwa yanatoka, tulikwenda Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Miti ilikwisha, bahari ikala ardhi, na sasa ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Mayai ya kasa huhamishiwa Ushongo yasizame. Kivuli ni turubai mnalokuja nalo. Kwenye matumbawe samaki wa manjano walipita hadi kwenye vidole vyangu.

"Haya, tukunje," akasema nahodha. Maji yalikuwa yameshafika kwenye kikapu cha chakula.