Buibui wa Minneapolis–Saint Paul

Buibui wa miji hii pacha ya jimbo la Minnesota, Marekani, wamechunguzwa hasa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako Willis Gertsch, bingwa mashuhuri wa elimu ya buibui, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1935. Kwa kawaida spishi haiingizwi katika orodha ya buibui wa jimbo ila baada ya buibui mpevu, aliyehifadhiwa katika spiriti, kutazamwa kwa hadubini ncha za vipapasio vyake akiwa dume, au tundu la uzazi akiwa jike, kwani rangi aghalabu hudanganya. Wala rekodi mpya si dalili yakini ya uhamiaji. Pengine hapakuwa na aliyewahi kupekua nyasi za kinamasi walimopatikana. Serikali ya jimbo imewaorodhesha baadhi ya buibui warukaji, akiwemo Marpissa grata, miongoni mwa viumbe wanaostahiki uangalizi maalumu.