ADN ndani ya msuli: vile chanjo ilianza kuongoza seli za T

Wandugu, wengi wetu tulijua ADN mu kozi ya jenetiki: rangi ya mahindi, urefu wa shina. Lakini kuidunga mu mwili na ikuwe chanjo?

Mwaka 1990, Jon Wolff na wenzake kule Wisconsin, Marekani, walidunga panya ADN tupu, bila virusi ya kuibeba. Msuli wenyewe ukaanza kutengeneza protini. Mwaka 1993, watafiti wa Merck wakadunga jeni ya protini moja ya ndani ya virusi ya gripi. Wale panya wakakingwa hata na gripi ya aina ingine. Sababu? Antikori zinashika ganda la virusi, na ganda inabadilika kila mara. Protini ya ndani haibadiliki sana. Seli ikiitengeneza yenyewe, inaonyesha vipande vyake inje, na seli za T zenye kuua zinajifunza kutambua adui.

Kwangu, mwaka mkubwa ni 1996. Eyal Raz na timu yake, San Diego, walitumia protini moja kwa njia mbili. Panya waliopewa protini na alumu walitoa IgE, ile antikori ya alerji: kazi ya seli za T zinazoitwa Th2. Waliopewa ADN yake walienda upande wa Th1, IgE ikapungua sana. Kumbe namna ya kuleta habari njo inaamua seli za T zitajibu aje!

Basi watu wakajiuliza: tunaweza pia kuzituliza? Mu diabete ya aina ya 1, seli za T zinashambulia kongosho ya mwenyewe. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya jaribio ya watu 80, wengi wao walidungwa jeni ya proinsulini: kwa hao, seli za T zenye kushambulia proinsulini zilipungua, zingine zikabaki. Haikuwa dawa ya kuponya, lakini inaonyesha njia.

Sisi wa kilimo tusikie hii: nyama walitutangulia. Mwaka 2005 farasi wa Marekani na samaki samoni wa Kanada walikuwa tayari na chanjo ya ADN. Kwa mtu ilikuwa nguvu, juu ADN kidogo tu njo inaingia mu seli. India iliruhusu ya kwanza mu 2021, ya Covid: dozi tatu, bila shindano, inasukumwa mu ngozi kwa presha.