Ain't: "si" ya Kiingereza iliyonyimwa heshima

Mswahili akitaka kukanusha hahangaiki. Mimi si mwizi, wewe si mwizi, wale si wezi: "si" ni ile ile kwa nafsi zote, na hakuna mwalimu anayeikata kwa kalamu nyekundu. Kiingereza nacho kilijipatia kineno cha namna hiyo, ain't, kinachoshika nafasi ya am not, is not na are not, na hata ya have not na has not. Lakini mtoto akikiandika darasani, anakosolewa.

Hakikuzaliwa vichochoroni. Mwishoni mwa karne ya 17 tayari kilikuwa kikiandikwa an't katika tamthilia za vichekesho za London. Kisa chake ni cha ulimi tu: tamka am not harakaharaka uone jinsi m inavyomezwa. Scotland na Ireland bado wapo wanaosema amn't. Karne ya 18 hata mabwana na mabibi wa tabaka la juu walikitumia katika mazungumzo. Karne ya 19 wanasarufi wakakiandama, na waandishi wa riwaya kama Charles Dickens wakakiweka vinywani mwa maskini. Cha ajabu, aren't I ikakubaliwa, ingawa hakuna anayesema I are.

Mwaka 1961 kamusi kubwa ya Webster, toleo la tatu, ilieleza kwamba ain't inapingwa na wengi, ila hutamkwa pia na watu wengi waliosoma. Magazeti ya Marekani yakawaka, kana kwamba kamusi imebariki uharibifu.

Kinachoniuma zaidi ni kisa cha Sojourner Truth. Mei 1851, mwanamke huyu aliyezaliwa utumwani alisimama katika mkutano wa haki za wanawake mjini Akron, Ohio. Mwezi uliofuata Marius Robinson akaichapisha hotuba yake katika gazeti la Anti-Slavery Bugle, kwa Kiingereza cha kawaida. Miaka 12 baadaye Frances Gage, aliyeuongoza mkutano ule, akaitoa upya ikiwa imejaa lafudhi ya watumwa wa Kusini, na swali moja likirudiwa: je, mimi si mwanamke? Gage aliandika ar'n't. Walioinukuu baadaye ndio walioigeuza kuwa ain't.

Truth hakutoka Kusini. Alizaliwa jimbo la New York, mikononi mwa mabwana wa Kiholanzi, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Lafudhi ile alivalishwa tu, kana kwamba watumwa wote walikuwa na mdomo mmoja. Mwaka 1981 mwandishi bell hooks alikipa kitabu chake jina lenye ain't. Mwaka 1985 mwanahistoria Deborah Gray White akairudisha ar'n't kwenye jalada la chake. Katika nakala ya Robinson, iliyochapwa wiki chache tu baada ya mkutano, swali lenyewe halimo.