Mdudu wa Mwaka 1950

Hapa Ihumwa, ndugu msomaji, ukipiga picha panzi kwenye mtama utaambiwa umechanganyikiwa. Haya. Lakini mwaka 1950 mdudu mmoja dume alikamatwa Tanganyika, akaishia makumbusho ya Ulaya, akakaa humo bila jina. Mwaka 2002 ndipo Oliver Zompro na wenzake wakatangaza kwamba yeye na jamaa zake wa Namibia ni oda mpya kabisa ya wadudu, ya kwanza tangu 1914! Leo anaitwa Tanzaniophasma subsolana. Hana mabawa, kafanana na vunjajungu. Wa Namibia walipigwa picha wakiwa hai. Wa kwetu jina alilipata akiwa mzoga. Basi nageuza lenzi ya milimita 50 mbele nyuma, napiga magoti bustanini. Panzi mmoja anajaza picha nzima.